Ruta ya zamani nimeipeleka uani kwa wapangaji: je, mtandao wa nyumbani uko salama?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Rau, Moshi. Zamani tulikuwa na ruta ya laini ya 4G sebuleni. Sasa tumevutiwa fiba, na fundi amefunga boksi la kampuni lenye waifai yake. Ruta ya zamani nimeihamishia uani kwenye vyumba vitatu vya kupangisha, wengi wao vijana wa chuo, kwa waya unaotoka kwenye boksi la fiba. Kote nimeacha jina na nenosiri lilelile la zamani ili simu zisisumbue. Yamejitokeza mambo matatu. Mpangaji mmoja anasema televisheni yetu inamtokea kwenye simu akifungua YouTube. Kuna wakati simu zetu zinakamata waifai lakini intaneti hakuna mpaka uzime na kuwasha. Na kwenye orodha ya boksi naona vifaa nisivyovijua. Tuna kamera nne na DVR yake (kinasa picha), pamoja na printa. Nilidhani wapangaji wakiwa na ruta yao wametengwa. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Dalili hizo tatu zinatosha kuuchora mtandao wako mtu akiwa mbali.

Nianze na televisheni. Simu ikitaka kujua kama kuna skrini karibu, hupaza wito ndani ya mtandao iliomo, na wito ule hauvuki ruta. Kwa hiyo mpangaji akiiona televisheni yako, yeye na televisheni wako mtandao mmoja. Hapo kuna njia mbili. Ama simu yake imekamata boksi la sebuleni moja kwa moja, maana jina na nenosiri ni lilelile na simu hufuata mawimbi yenye nguvu. Ama ruta ya uani imeacha kuwa ruta, imekuwa swichi yenye antena, kwa sababu waya umechomekwa kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kuingizia intaneti).

Dalili ya pili inaonyesha kwamba hilo la waya lipo. Ruta ya zamani bado inagawa anwani, boksi nalo linagawa, na zote zimejikuta kwenye mtandao mmoja. Simu inapoingia huomba anwani na kuchukua ya aliyewahi kujibu. Ikijibiwa na boksi, mambo yanakwenda. Ikijibiwa na ruta ya zamani, inaelekezwa ipite huko kwenda nje, na njia ya nje ya ruta ile ni laini ya 4G ambayo nadhani haina bando tena. Ukizima na kuwasha unaomba upya, na safari hii pengine boksi linawahi. Kama ndani ya ruta bado kuna laini yenye salio, basi baadhi ya simu zimekuwa zikila bando hilo kimya kimya.

Kuhusu vifaa usivyovijua, wengi wao ni wapangaji wako, na wengine ni simu zenu wenyewe. Hilo nitalirudia chini, maana lina namna yake ya kulitambua.

Nani akae nyuma ya nani

Fundi wengi hapa watakwambia uhamishe waya uingie WAN na kazi imekwisha. Haijaisha. Ni kweli televisheni itapotea kwenye simu ya mpangaji na intaneti haitakatika tena ovyo, lakini usalama utakuwa umegeuzwa mgongo kuwa uso.

Ruta hutazama upande mmoja, kama mlinzi wa geti anayemhoji kila anayeingia lakini hamuulizi anayetoka. Ukiwaweka wapangaji nyuma ya ruta ya pili, wewe uliye mbele huwezi kuwafikia wao, ila wao wanakufikia wewe. Kwa ruta ya uani, mtandao wa sebuleni ni “nje”, sawa na sehemu nyingine yoyote ya intaneti, na kutoka kwenda nje kunaruhusiwa. Tuseme DVR yako iko kwenye 192.168.1.64. Kijana akiiandika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu, ombi linapita, DVR inajibu, na ukurasa wa kuingilia unafunguka. Vivyo hivyo kwa printa na kwa ukurasa wa boksi lenyewe. Tofauti pekee na sasa ni kwamba havijitangazi, inabidi mtu aandike anwani au atumie programu ya bure ya kukagua mtandao. Mwanafunzi wa chuo mwenye jioni tupu hilo halimshindi.

Anayestahili kukaa nyuma ya ruta ya pili ni familia yako. Wapangaji wabaki mbele.

Ukitaka kutumia vifaa viwili ulivyonavyo tu, rudisha ruta ya zamani sebuleni. Waya mfupi utoke tundu la LAN la boksi uingie WAN ya ruta. Televisheni, DVR, printa na simu za nyumbani zote zihamie kwenye ruta hiyo, na waifai ya boksi waachie wapangaji. Shida itakuwa mawimbi. Kuta mbili za tofali na mita kumi na tano za uwanja zinaimeza bendi ya 5 GHz, na ile ya 2.4 GHz inafika imechoka. Simama chumba cha mwisho uani na programu yoyote ya kupima waifai. Ukipata −70 dBm au namba iliyo karibu zaidi na sifuri, inatosha. Ikisoma −80, utasikia malalamiko kila jioni.

Mpango ninaoupendelea una vifaa vitatu. Boksi la fiba linakaa mbele. Tundu lake moja la LAN linapeleka waya uani kwenye WAN ya ruta ya wapangaji, na tundu lingine linaingia WAN ya ruta ya familia. Pande mbili zinakuwa zimetengana kwa boksi katikati, hakuna iliyo nyuma ya mwenzake. Ukinunua ruta mpya, iwe ya familia. Watu hufanya kinyume: kipya kinapelekwa mahali penye watu wengi, na kile cha miaka saba kinaachwa kilinde kamera. Kasi na usalama havigawanywi kwa idadi ya vichwa. Tena si ruta zote ndogo za 4G zenye WAN ya waya. Nyingine zina tundu moja la kazi mbili ambalo hubadilishwa kwenye mipangilio, nyingine hazina kabisa. Yako ikiwa ya mwisho hiyo, itumie uani kama AP tu, yaani kirusha waifai kisichofanya kazi ya ruta: waya kwenye LAN, huduma ya DHCP (ile ya kugawa anwani) izimwe, na anwani yake iwe 192.168.1.2 ili isigongane na boksi. Wapangaji watakuwa kwenye mtandao wa boksi moja kwa moja, na hilo linavumilika mradi familia iko nyuma ya ruta yake. Ila ukiweza kuifanya ruta kamili, ifanye. Aliye kwenye mtandao mmoja na boksi anaweza kujifanya yeye ndiye boksi na kuyapitisha kwake mawasiliano ya ruta yako. Tovuti za benki zimefungwa kwa usimbaji hivyo haoni mengi, lakini kwa nini umpe nafasi?

Tahadhari moja kuhusu AP. Kifaa kikishawekwa hivyo, ukuta wake wa ulinzi, ratiba za muda na mara nyingi hata “mtandao wa wageni” hupoteza maana, kwa sababu kazi hizo hufanywa na upande wa ruta uliouzima. Alama ya wageni itabaki imewashwa kwenye skrini na mgeni ataingia kotekote.

Anwani zisifanane. Boksi likibaki 192.168.1.1, weka ruta ya uani 192.168.20.1 na ya familia 192.168.50.1. Ruta yenye 192.168.1.x upande wa WAN na LAN kwa pamoja haijui pakiti iende upande gani, na intaneti inakufa papo hapo au inakuja na kuondoka. Kioja kingine cha anwani kufanana ni kwamba ukiandika 192.168.1.1, mara unafunguka ukurasa wa boksi, mara wa ruta, na unaweza kubadilisha mipangilio ya kifaa kisichokusudiwa.

Waya wa uani uwe Cat6 wa shaba tupu wenye ganda la nje, ndani ya bomba, usizidi mita 100, na usifungwe pamoja na waya wa umeme. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni rahisi dukani, lakini hukatika vichwani. Radi za masika huua matundu ya mtandao kuliko watu wanavyofikiri, kwa hiyo wingu likinguruma chomoa pande zote mbili.

Kabla ya kugusa chochote

Boksi la kampuni usilifanyie reseti. Ndani yake kuna mipangilio ya kukuunganisha na kampuni: jina la akaunti ya PPPoE, namba ya VLAN na usajili wa fiba. Ukibonyeza kile kitundu vinafutika, na utamsubiri fundi wa kampuni ukiwa huna hata njia ya kumtumia ujumbe. Piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwanza.

Ruta yako ya zamani, hiyo ifanyie reseti bila huruma: toa laini, iache ikiwa na umeme, shikilia kitundu kwa kijiti cha meno sekunde kumi hadi taa zote zizimike na kuwaka upya. Sababu si usafi tu. Ndani yake huenda kuna poti (milango ya kuingilia kutoka nje) ambazo fundi wa kamera alizifowadi, yaani alizielekeza kwenye DVR, siku za 4G. Ukiileta ruta hiyo iwe ya familia ikiwa na mipangilio ya zamani, upande wake wa WAN sasa unatazamana na mtandao walimo wapangaji, na zile poti zitawafungulia DVR wao badala ya wewe ukiwa safarini.

Fanya kazi hii kwa kompyuta na waya. Ukibadilisha jina la waifai huku umeshikilia waifai hiyohiyo, unajikatia tawi.

Kisha sasisha programu ya ndani ya ruta. Soma stika chini ya kifaa: jina la modeli halitoshi, angalia na toleo, V1, V2 au V3, kwa sababu ndani ya ganda moja wanabadilisha chipu. Faili ya V2 kwenye V3 itakataliwa ukibahatika, na usipobahatika itakiua kifaa. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji tu. Mchakato huchukua dakika mbili hadi tano, na umeme ukikatika katikati ruta inaweza isiamke tena, kwa hiyo chomeka kwenye UPS au subiri saa ambayo TANESCO hawana mazoea ya kukata kwenu. Kama toleo la mwisho kwenye tovuti ni la miaka mitano iliyopita, kifaa hicho kimeachwa na wenyewe. Kinafaa uani kama AP, hakifai kulinda nyumba.

Nenosiri la kuingia kwenye mipangilio ni tofauti na la waifai. Hili la mipangilio ndilo watu hulisahau, likabaki admin kwa admin. Libadilishe kwenye vifaa vyote vitatu, na hasa kwenye boksi, kwa sababu ukurasa wa boksi utaendelea kufikika kutoka uani hata baada ya mpango mpya. Mara nyingi boksi lina akaunti mbili, ya mteja na ya kampuni. Ya kampuni huwezi kuigusa, na wao huingia kwa mbali kurekebisha. Ni utaratibu wa kawaida, lakini njia hiyohiyo imewahi kutumiwa vibaya: Novemba 2016 ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani zilisumbuka baada ya shambulio lililolenga poti ya usimamizi, 7547. Ndiyo sababu nyingine ya familia kuwa na ruta yake nyuma ya boksi: ufunguo wa ruta hiyo unao wewe peke yako.

Nenosiri la waifai

Weka WPA3, aina mpya ya ulinzi wa waifai, ikiwa simu zenu zote zinaikubali. Kama kuna simu au printa ya zamani, chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES. Ukiona TKIP, usimbaji wa zamani, mahali popote, iondoe. Imepitwa, na juu ya hayo inashusha kasi ya waifai hadi 54 Mbps, kwa hiyo utailaumu fiba bure.

Sasa jina na nenosiri la zamani. Badilisha vyote viwili, kila mtandao na vyake. Nenosiri lile wanalijua ndugu waliokuja msibani, fundi wa kamera, na sasa wapangaji watatu pamoja na marafiki wao. Ukilirudisha kwenye ruta ya familia, kazi yote ya waya imekwenda na maji, maana simu ya mpangaji ikisogea karibu na dirisha lenu itajiunga yenyewe.

Nyumba nyingi nenosiri ni namba ya simu ya baba au mama. Tarakimu kumi zinaonekana ndefu, basi tuzihesabu. Namba za simu za mkononi Tanzania huanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu nane, yaani milioni 100 kwa kila mwanzo, jumla milioni 200. Mshambuliaji hahitaji kukaa nje ya ukuta akijaribu moja moja. Anasubiri simu moja ijiunge na waifai, anarekodi salamu ya sekunde chache ambayo simu na ruta hupeana, anaondoka nayo. Nyumbani, kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inajaribu laki nne kwa sekunde. Milioni 200 gawa kwa laki nne ni sekunde 500, dakika nane na ushee. Na hapo amejaribu namba zote za nchi, hata zisizosajiliwa. Wala ruta yako haitajua, kwa sababu majaribio hayaigusi.

Chukua badala yake maneno matano yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati kwenye orodha ya maneno 2,000, tuseme kwa kufumba macho na kuchoma kidole kwenye kamusi. Hiyo ni 2,000 mara yenyewe mara tano. Kwa kadi ileile, kuyamaliza yote kunachukua zaidi ya miaka 2,500. Muhimu ni kuokota kwa bahati. Methali, mstari wa wimbo wa kanisani au “kilimanjaro2024” vimo kwenye orodha za wajaribuji tayari. WPA2 inakubali herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo. Tena maneno ni rahisi kumtajia mgeni kuliko kumwelezea herufi kubwa na alama ya dola.

Jina la mtandao nalo lisiwe la kiwandani. Huchanganywa kwenye hesabu ya ufunguo, na kwa majina ya kawaida watu wameshaandaa majedwali. Lisitaje jina lako wala namba ya nyumba. Kulificha hakusaidii: simu zenu zitalitaja hewani kila zinapolitafuta.

WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nenosiri, izime kwenye vifaa vyote. Ile PIN ya tarakimu nane ilibainika mwaka 2011 kuwa hukaguliwa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ina uwezekano 10,000, ya pili 1,000 tu kwa sababu tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki. Jumla ni majaribio 11,000 badala ya milioni mia, na nenosiri lako la maneno matano halina la kufanya hapo.

Vifaa usivyovijua

Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu haitoi tena anwani yake halisi ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenye waifai. Hubuni moja kwa kila jina la mtandao. Ukibadilisha jina, simu zilezile zitakuja na anwani mpya na orodha itajaa wageni ambao mmekaa nao mezani. Kuitambua ya kubuni ni rahisi: tazama herufi ya pili. Ikiwa 2, 6, A au E, imebuniwa. Kwa mfano 7E:41:9C na kuendelea ni simu inayojificha, wakati B4 mwanzoni ni ya kiwandani, kama DVR, televisheni au printa. Kwa hiyo usipoteze jioni kuorodhesha MAC zinazoruhusiwa. Njia ya haraka ni kubadilisha jina na nenosiri, halafu kuingiza kifaa kimoja kimoja huku ukikiandika jina kwenye orodha. Kikibaki kimoja kisicho na mwenyewe, badilisha nenosiri tena kabla hujaanza kutafuta mchawi.

Kamera na poti

Hapa ndipo fiba inapobadilisha hesabu. Kwenye 4G, kampuni za simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya umma, hivyo poti uliyofungua haikufikika kutoka nje hata ulipoitaka. Baadhi ya huduma za fiba hukupa anwani ya umma yako peke yako. Poti ileile iliyokuwa imekufa inafufuka. Fungua ukurasa wa hali ya WAN kwenye boksi. Anwani ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, bado mko kundini. Ikiwa ni nyingine na inalingana na ile unayoonyeshwa na tovuti za kupima IP, uko mlangoni kwa dunia nzima.

Kwa hiyo futa poti zote zilizofowadiwa, zima DMZ (inayokiacha kifaa kimoja wazi kwa nje), zima usimamizi wa mbali, na zima UPnP kwenye boksi na kwenye ruta ya familia. UPnP ndiyo ya hila. DVR nyingi hutoka kiwandani ikiwa imewashwa, na zikichomekwa kwenye boksi huliomba lifungue poti, mathalani 80, 8000 au 37777 kutegemea mtengenezaji, nalo linafungua bila kukuuliza. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka kamera na DVR kwa wingi kwa kujaribu jozi zipatazo 60 tu za majina na maneno ya siri ya kiwandani. Badilisha nenosiri la DVR yenyewe, si la programu ya simu peke yake.

Utaendelea kuona kamera ukiwa mbali kwa ile huduma ya kuskani msimbo wa QR, kwa sababu DVR yenyewe ndiyo hutoka kwenda kwenye seva za mtengenezaji, na kutoka kunaruhusiwa hata kupitia ruta mbili. Bei yake ni kumwamini mtengenezaji huyo. Mwenye anwani ya umma na ruta inayobeba WireGuard (aina ya VPN) ana njia safi zaidi, ila hiyo inataka mtu wa kuisimamia.

Kama huduma yenu ina IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti, hakikisha ukuta wa ulinzi wa IPv6 umewashwa, maana huko hakuna kujificha nyuma ya anwani moja. Na kwenye boksi tazama DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: kama kuna namba iliyoandikwa kwa mkono na hukuiandika wewe wala kampuni, iondoe.

Jaribu mwenyewe

Chukua simu, ingia waifai ya uani. Andika 192.168.50.1, kisha anwani ya DVR. Zote zishindwe. Andika anwani ambayo boksi limeipa ruta ya familia, tuseme 192.168.1.3. Nayo ishindwe, la sivyo usimamizi wa mbali umeuacha wazi kwenye ruta hiyo. Andika 192.168.1.1: ukurasa wa boksi utafunguka na kuomba nenosiri, hiyo ni sawa. Rudia majaribio hayo kwa kompyuta ukichomoa waya kwenye ruta ya uani na kuuchomeka moja kwa moja, kwa sababu hicho ndicho anachoweza kufanya aliyelala nayo chumba kimoja. Kwa ajili hiyohiyo, ifungie ruta ile kwenye kiboksi cha plastiki kilichotobolewa matundu ya hewa, juu ukutani. Chuma kitakula mawimbi.

Mwisho zima waifai, tumia bando la simu, andika anwani yenu ya umma kwenye kivinjari. Kusifunguke kitu.

Baada ya hapo televisheni, printa na simu zenu zote ziwe mtandao wa familia, la sivyo mtakuja kusema printa imeharibika. Vijana wanapohama mwisho wa muhula, badilisha nenosiri la uani peke yake, la familia halihusiki. Usiliache kwa huruma: huduma imesajiliwa kwa jina lako, na likitokea la kuulizwa kuhusu kilichofanywa kupitia anwani hiyo, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Na siku umeme ukicheza halafu ukaona jina la kwenye stika limerudi hewani, ruta imejifuta au kuna mtu amebonyeza reseti. Mipangilio yote ya kiwandani imerudi nalo, WPS ikiwemo, kwa hiyo chomoa waya wa uani kwenye boksi kwanza, upange upya, ndipo uuchomeke.